Mkwe Katika Chumba cha Chaki

Kapya alilijua dirisha la nyumba yake kuliko alivyoujua mlango. Mlango aliutumia kuingia tu, akitoka kazini. Kutoka, mara nyingi, kulikuwa kwa dirishani, sahani ya bukari, ule ugali wa kwao, mkononi, mguu mmoja ndani na mwingine nje, huku mke wake Marceline akimwambia polepole asimwage mchuzi juu ya nguo zilizofuliwa. Majirani wa kambi ya wafanyakazi wa shaba walikwisha kuzoea. Wakimwona anachomoza kama panya buku, walijua: mama mkwe amefika.

Si kwamba mama mkwe alikuwa simba. Ni desturi. Kwa watu wa Kapya, na kwa watu wa Marceline vilevile, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, hataji jina lake, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini, hata kama majani yenyewe ni upupu. Inakuwa hivyo mpaka siku mama mkwe atakapopika, amwite, amlishe mbele ya mashahidi. Huko ndiko kumwingiza mkwe. Baada ya hapo yeye ni mwana wa nyumba, anaweza hata kufunua chungu na kuchungulia. Wengine huingizwa mwaka wa kwanza. Kapya alikuwa na miaka sita nje.

Sababu ni chakula kilichopoa. Mama mkwe alikaa Kasungami, kwenye mashamba yake ya muhogo na matembele. Siku ya kumwingiza Kapya, mama huyo aliamka na jogoo, akamchinja jogoo yuleyule aliyemwamsha, akapika, mashahidi wakakaa. Kapya naye alivaa suruali yake ya maana, akatoka nyumbani, na hakufika mbali. Kwenye kona ya kartye, mtaani kwao, kamyo ya chama, lori la wazi, ilikuwa inakusanya watu wa kwenda kupunga bendera kiwanja cha ndege cha Luano, maana mgeni mkubwa anakuja kwa ndege. Kapya alieleza habari ya mama mkwe na ya jogoo. Kiongozi wa kartye akamwambia jogoo atangoja, taifa haliwezi. Basi akapandishwa, akapewa bendera ya karatasi, akasimama juani toka saa tatu mpaka jua linainama, akiimba nyimbo za kusifu, na ndege haikutua. Wako wanaosema ilipita juu mara mbili, ikaona wingi wa watu wale na ubaya wa nyimbo zao, ikarudi kwao.

Kule Kasungami bukari ilikauka ikapasuka kama udongo wa mwezi wa kumi. Mashahidi wakaenda zao na njaa yao. Mama mkwe akafunika vyungu.

Sasa, mwanamume anayeacha chakula cha kuingizwa amemtukana mpishi. Hapikiwi tena mpaka atume mshenga wake akaombe radhi. Mshenga wa Kapya alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na mshenga hanunuliwi sokoni kama chumvi. Ni yule yule aliyekwenda siku ya kwanza. Kapya mwenyewe haruhusiwi kusema na mama mkwe, na wa kumsemea yuko chini ya udongo. Marceline alijaribu mara moja. Mama yake akamjibu kwamba mke ni wakili wa bure, na wakili wa bure huwa anasema lolote. Akaendelea kuja kambini kuona wajukuu kila alipotaka, na akija kwa ajili ya mtoto mchanga alikaa miezi miwili, na Kapya miezi miwili akaishi jikoni nje, pamoja na kuni. Hivyo ndivyo mtu anavyofungwa bila gereza.

Hicho kilikuwa kifungo kimoja. Cha pili kilikuwa moto. Kapya alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba, na joto la mahali pale lilikuwa kubwa hivi kwamba jasho lenyewe liliogopa kutoka. Watu wanakumbuka njiwa aliyekatiza juu ya paa lile: aliingia na manyoya upande huu, akaangukia upande ule ameiva, kilichokosekana ni pilipili. Miaka kumi na mmoja Kapya alikula moshi. Kikohozi kikamkalia kifuani, watoto wake wakakijua kama watu wajuavyo kengele ya misa. Daktari akamwambia atoke motoni, la sivyo kifua hakitamaliza miaka mingine mitatu.

Mahali pa kutokea palikuwapo: kibanda cha mzani, chenye kivuli na kiti, ambako mtu anaandika uzito wa kamyo zinazopita. Mkubwa wa kazi alikubali kumwekea nafasi ile mwaka mzima. Alitaka kitu kimoja tu, karatasi ya serikali inayosema kwamba Kapya anajua kusoma na kuandika, iwe juu ya meza yake kabla ya saa sita, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Ikipita saa sita nafasi ni ya mwingine, na Kapya ni wa tanuru mpaka kufa. Siku alipoambiwa hivyo, Kapya hakuijua hata herufi ya kwanza ya jina lake.

Akaenda Shule ya Bahasha. Kilikuwa chuo cha serikali, cha watu wazima, na kilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo haliingii mdomoni bila kutafunwa, kwa hiyo watu wa mtaa wa Kamalondo walikipa jina lao. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la chumvi la zamani: mlango mmoja, madirisha yenye vyuma, na nyuma chumba kidogo cha kuwekea chaki na mafagio. Hapakuwa na kengele, wala darasa la kwanza, wala la pili. Ukutani palipigwa misumari, na kila msumari ulibeba bahasha ya kaki yenye namba. Unakuja saa unayoipata, unashusha bahasha yako, ndani unakuta kazi uliyoandaliwa wewe peke yako. Muuza nyama alijifunza hesabu kwa mapaja na mbavu. Fundi wa cherehani alijifunza kwa vipimo vya viuno vya wateja wake, na siri nyingi za mji zilijulikana kwa njia hiyo. Kapya, namba kumi na saba, alisomeshwa kwa karatasi za mzani.

Mwalimu Amadi, mtu wa ukoo wa Maniema, kofia yake ya nakshi haikutoka kichwani mvua wala jua, alimwambia siku ya kwanza: "Baba, huku hatukimbizake muntu. Shule njo inafata muntu, hapana muntu kufata shule."

Tena mwalimu huyo alikuwa na mtindo wake. Alifunganisha bahasha mbili mbili. Kila mtu alisahihisha daftari la mwenzake, na chini aliandika swali moja, mwenzake alijibu siku atakayokuja. Hamwonani, mnajuana kwa namba. Kapya alifungwa na namba arobaini na mbili. Kapya alikuja kufuatana na zamu zake, arobaini na mbili alikuja siku za soko, basi hawakukutana hata mara moja. Herufi za mtu huyo zilikuwa kubwa na zilizama katika karatasi kama matuta yaliyolimwa. Kapya akamaliza moyoni kwamba huyu ni mzee mwanamume, tajiri wa mbuzi pengine, anayetaka kusoma ili asiibiwe.

Mwanzo yalikuwa maneno mawili matatu. Unafanya kazi gani? Ninapika shaba. Watoto wangapi? Wanne. Lakini mwezi wa sita ulipofika Kapya aliweza kujaza ukurasa, na namba arobaini na mbili akauliza: Ni nini inakuuma?

Mdomo uliofungwa miaka sita ukapata tundu. Kapya akaandika kwamba ana mama mkwe mwenye macho ya bundi na hatua ya askari. Kwamba yeye akija, mwenye nyumba ndiye anayehama. Kwamba bukari yake, kwa namna watu wanavyosema, ni ngumu hivi kwamba ukimtupia mbwa, mbwa ataomba msamaha. Hiyo ya mbwa aliichekea peke yake mpaka akakohoa. Halafu, chini, kwa herufi ndogo, akaandika habari ya kamyo na Luano. Kwamba hakukidharau chakula. Kwamba alisimama juani na bendera mkononi, machozi yanamtoka, na waliokuwa karibu wakasifu jinsi anavyolipenda taifa.

Daftari lilirudi limesahihishwa kwa wino mwekundu, kosa kwa kosa, bila swali. Wiki mbili halikuwa na swali. Halafu likaja moja: Bendera ilikuwa ya rangi gani? Kapya akajibu kwamba ilikuwa ya kijani, na mkono ulioshika mwenge. Hakujiuliza tajiri wa mbuzi anataka nini na rangi ya bendera. Aliyefungwa akiona tundu, haulizi nani amelitoboa.

Jumamosi ile ya mwisho ikafika, na mwinspekta wa shule akafika nayo kutoka Kinshasa, shati la abakosti, vazi la wakubwa lisilo na tai, limefungwa mpaka kooni. Masharti yake yalikuwa haya: kila mtu asome kwa sauti, mbele ya wote, barua ambayo mwenzake wa bahasha amemwandikia na yeye hajaiona, halafu aandike jibu. Anayeweza, karatasi yake inatiwa sahihi hapo hapo. Asiyeweza angoje mwaka mwingine, maana mwinspekta ana ndege mchana.

Kapya alifika wa kwanza, akakaa benchi la mbele, mgongo kwa mlango. Watu wakajaa. Alikuwa anawaza kiti cha mzani, kivuli chake, aliposikia nyuma yake mtu anasafisha koo: mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa urefu.

Hakuhitaji kugeuka. Miaka sita koo lile ndilo lililomtoa dirishani. Miguu yake ilisimama kabla kichwa hakijaamua, akaenda kwa dirisha, akakuta vyuma. Mlangoni kulikuwa na kitambaa cha njano alichokijua, na kikapu alichokijua. Kulibaki tundu moja katika nyumba nzima. Kapya akaingia chumba cha chaki, akavuta mlango.

Ndani hapakutosha mtu na kivuli chake. Kulikuwa na masanduku ya chaki, mafagio, na ramani ya nchi yenye jina la zamani lililofutwa na serikali, imegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Vumbi jeupe likamwingia kifuani. Akajibana mdomo kwa mikono miwili, akaweka jicho kwenye ufa wa mlango. Kwanza alijipa moyo: mama amekuja kuuza matembele, atauza, atakwenda. Mama mkwe akaketi kwenye benchi lililo karibu kabisa na mlango wa nje, akaweka kikapu chini. Kisha akainuka, akaenda ukutani, akashusha bahasha yake. Arobaini na mbili.

Kapya akakaa juu ya sanduku. Maneno yote aliyoandika mwaka mzima yakaja moja moja, bundi akatua, askari akasimama, na mbwa akaja mwisho, akaketi mbele yake, akamtazama.

Huko nje walianza. Muuza nyama akasoma, akatiwa sahihi. Fundi akasoma. Saa nne ikapita. Kapya aliyahesabu mambo yake: mlango ni mmoja, aliyekaa mlangoni ni mmoja, kupita mbele yake hakuwezekani, na karatasi ilitakiwa juu ya meza saa sita. Wakaita kumi na saba. Wakaita tena. Mwalimu Amadi, aliyeona zamani mlango wa chaki ukicheza, akaja akainama kwenye ufa.

"Kumi na saba, toka. Banakuita."

"Sitaweza, Mwalimu. Ule mama wa pa mulango njo mama ya muke yangu. Habajaniingiza."

Mwalimu alikulia mji huo, hakuhitaji kuelezwa. Aliuliza tu kama mama mwenyewe anajua nani ni kumi na saba.

"Niliandikaka yote mu ile kaye ya bahasha. Na mambo ya imbwa."

"Ile ya imbwa niliisoma," Mwalimu akasema, akasita kidogo. "Baba, karatasi yako itapanda ndege."

"Nikitoka nitakufa na haya. Nikibakia nitakufa na moto. Ya moto inaenda polepole."

Mwalimu akarudi kwa mwinspekta. Mwinspekta alitaka kujua mwanafunzi yuko wapi, akaambiwa yuko katika chumba cha chaki. Akauliza anafanya nini humo. Mwalimu akajibu, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba serikali yenyewe ilifungua chuo hiki ili kila raia asome kwa hali yake na kwa mahali pake. Mmoja anasoma amesimama, mmoja anasoma kwa harufu ya nyama, na huyu mahali pake, kwa leo, ni humo. Mwinspekta akauliza kama kanuni inaruhusu. Mwalimu akasema hakuna kanuni inayokataza, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu waliotunga kanuni walikuwa hawana mama wakwe wa Kasungami. Mwinspekta akatazama saa yake, akatazama mlango wa chaki, akasema barua ipitishwe chini ya mlango na mtu asome kwa sauti ya kusikika.

Barua ikaingia. Kapya akaifungua kwenye mwanga mwembamba wa ufa, akaona matuta yale.

"Kwa namba kumi na saba," akasoma. "Mie njo mwenye macho ya bundi."

Hapo akaacha kusoma. Nyumba nzima ilingoja. Kapya aliona njia mbili na zote zilikuwa nyembamba. Angeweza kusema hajui kusoma. Hakuna ambaye angesikia zaidi, heshima ya mama mkwe ingebaki nzima, na yeye angerudi kwenye tanuru na kichwa kimeinama vizuri. Au asome, atoe kwa kinywa chake, mbele ya mama wa mke wake, kila kilichomtoka kwa kalamu. Kwao mtu hulipa faini kwa kumkanyagia mama mkwe kivuli tu. Faini ya jambo hili hata wazee hawakuwa wameipanga.

Kikohozi kikamjibia. Kilipopita, akaendelea.

"Nakuwa na hatua ya askari. Nikikuya kwako, weye njo unahama."

Wacheshi wa nyuma wakaanza kutikisa benchi. Kapya akaangalia mstari uliofuata, akamkuta mbwa pale, amekaa katika mwandiko wa mama mkwe. Jicho lake likaruka lenyewe, likashika mstari wa chini. "Nilisikia mambo ya ile kamyo..."

Nje mtu akasafisha koo: mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa urefu.

"Mwalimu," mama mkwe akasema, macho yake kwenye kikapu, "ambia ule muntu wa mu chaki kama ameruka mustari."

Benchi za nyuma zikatulia. Miaka sita hakuwa amemtumia Kapya neno hata kwa kupitia mtu. Mwalimu akauliza mlango kama ni kweli. Mlango ukajibu kwamba ni kweli. Mwinspekta akasema basi arudie.

Kapya akafumba macho, akayafumbua, akasoma.

"Bukari yangu iko nguvu, imbwa ataomba musamaha. Ile imbwa, kesho siku ya Mungu umulete kwangu, na weye ukuye naye. Nilisikia mambo ya ile kamyo. Nilikuuliza rangi sababu jirani yangu Anaclet naye balimubebaka ile siku, na bendera yake anafukuzia nzi mpaka leo. Iko ya kijani. Mushenga wako alikufaka. Nimetafuta mwingine, njo hii karatasi, na weye mwenyewe umeisomea mbele ya bantu, basi bashahidi beko. Nitapika. Usitafute dirisha, nyumba yangu iko na mulango tu."

Mwinspekta, ambaye hakuelewa hata nusu, alisema mtu huyu anasoma kwa moyo, na akadai jibu. Kapya akaandika juu ya sanduku la chaki, kwa kupapasa, akapitisha karatasi chini ya mlango. Kwa kuwa na mama naye alipaswa kusoma, ndiye aliyepewa. Akaweka kidole chini ya kila neno, akalima taratibu mpaka mwisho wa shamba.

"Nitakuya, Mama. Kamyo ikinibeba, nitaruka."

Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la nguo. Sahihi zikatiwa, mbili, na Mwalimu akapitisha ya Kapya kwenye ufa. Saa tano na nusu.

Sasa mngedhani mambo yamekwisha. Yalikuwa hayajaisha, maana kuingizwa ni kesho, na leo bado ni leo. Kapya alisimama na karatasi yake mkononi, na mama mkwe yuko palepale mlangoni. Wengine walitoka wakimuaga. Yeye akafungua kikapu, akatoa karanga, akaanza kumenya. Alimenya moja, akaitafuna mpaka ikaisha, ndipo akachukua nyingine. Kwenye ufa Kapya alizihesabu mpaka kumi na tano. Nyuma ya mlango jasho lilichanganyika na vumbi la chaki, likawa uji. Saa sita kasorobo. Karanga ya kumi na tisa mama aliigeuza vidoleni, akaikagua pande zote, kama mtu anayenunua mbuzi.

Ndipo akafunga kikapu, akajifunika kitambaa cha njano kichwa kizima, akageukia ukuta.

"Mwalimu," akasema kutoka ndani ya kitambaa, "nasikia kama kwa muzani habangojake bantu."

Kapya akatoka. Wanawake wa Kamalondo waliokuwa na maji kichwani bado wanasimulia: kitu cheupe toka nywele mpaka viatu, kinakohoa mawingu, kinapita na karatasi imeinuliwa juu. Wawili walitupa ndoo. Mmoja, mlevi wa siku nyingi, aliacha pombe miezi mitatu. Kilifika kwenye ofisi dakika nne kabla ya saa sita, na karani aliipokea karatasi kwa ncha za vidole, akauliza kama mwenye karatasi angali hai.

Jumapili Kapya alikwenda Kasungami kwa njia ya majanini, asionekane na kamyo yoyote. Aliingia kwa mlango. Alikula mbele ya Anaclet na mashahidi wengine, na macho yake yalikutana na ya mama mkwe kwa mara ya kwanza. Hayakuwa ya bundi sana. Bukari, kwa kweli, ilikuwa ngumu. Aliimaliza yote, akaomba nyingine, na mbwa hakuitwa.